Amka na Viti vya Kituoni

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali. Limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushona viatu, kwenye kona ambapo barabara huteremka kuelekea kituo cha polisi. Ukikaa hapo unamwona kila anayekwenda kituoni na kila anayerudi, na kwa sababu hiyo tumejikuta na kazi ambayo hakuna aliyetuajiri. Kahawa ni ya Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini jaribu kumwita jina jingine uone kama kikombe kitakufikia. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Kamusi alikuwa ameshaketi na gazeti la juzi. Huyo ni karani mstaafu, ana methali kwa kila jambo, na mara nyingi si ya jambo hilo. Spana alikuwa ametoka gereji yake ng'ambo ya barabara, mikono imejaa grisi. Sindano, fundi cherehani, mtu anayeongea kama vile kila neno analinunua, alikuwa amejikunja kwenye ncha ya benchi akitia vifungo kwenye koti la mtu. Ndipo tukaona mkokoteni unateremka, umejaa viti vya plastiki. Mbele, akivuta, alikuwa Amka. Nyuma, akiuzuia usije ukamkanyaga mwenzake, alikuwa askari kijana mwenye sare kamili, kofia ameibana kwapani.

Amka ni yule mhamasishaji. Akishika kipaza sauti hupiga ukelele mmoja, "Amka!", na ukumbi mzima sharti uitikie, "Nimeamka!" Miaka miwili iliyopita alikuwa akipita kona hii ndani ya gari, suti imemkaa kama ngozi ya pili, anakwenda kuzungumza kwenye hoteli. Leo alikuwa na kandambili.

Spana: Mmeona? Semeni kwamba mmeona, nisije nikaambiwa grisi imeniingia machoni.

Kamusi: Tumeona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule ameinama.

Shangazi: Ameinama kwa sababu mkokoteni ni mzito, Kamusi.

Kamusi: Ndivyo wasemavyo wote wa mvunguni.

Spana: Sikilizeni niwaambie. Kila Jumamosi vijana kumi na watano wanaingia pale kituoni kwa miguu yao. Kijana gani mwenye akili anaingia kituoni kwa miguu yake? Wanaketi, wanaongea, na Amka anawachekea. Na kuna mtu anaandika. Yule jamaa amekuwa sikio la polisi. Vile viti unadhani ni vya nini? Chini ya kila kiti kuna kidude.

Shangazi: Kidude gani?

Spana: Cha kunasa sauti.

Shangazi: Vile ni viti vya kukodisha. Nimevikalia mwenyewe kwenye harusi ya binti wa muuza nyama.

Spana: Basi harusi nzima imenaswa.

Kamusi: Wewe unatazama chini ya kiti, mimi natazama juu yake. Amka anautaka ubunge. Askari ana kura. Kijana ana kura. Mama wa kijana ana kura. Hesabu hiyo, ukiona vyaelea, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mimi: Hizo ni methali mbili, mzee.

Kamusi: Na ubunge ni mkubwa. Moja haitoshi.

Shangazi alicheka, akamwongezea kahawa. Halafu akainama kidogo kama mtu anayetaka kutoa siri, ingawa sauti yake ingesikika mpaka gereji.

Shangazi: Wanaume hamjui kitu. Pale kituoni kuna Inspekta mwanamke. Mrefu, mpole, hana mume. Mwanamume havuti viti kumi na vinane juani kwa ajili ya amani ya mtaa. Anavuta kwa ajili ya mtu.

Spana: Mapenzi na polisi? Ukichelewa kurudi nyumbani unaandikishwa maelezo!

Kamusi: Nyote mmekosea, hata mimi. Jambo hili ni zito, nalijua tangu nikiwa ofisini. Wanataka kuziacha pingu. Mwizi akikamatwa, hafungwi mikono, anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, analetwa Amka, anampigia hotuba ya saa sita bila maji. Saa ya pili mwizi amekiri yake. Saa ya nne amekiri ya babu yake. Ndiyo maana wanafanya majaribio kwa vijana.

Hapo hata mimi niliweka chini kiatu nilichokuwa nikikishona. Tulicheka mpaka benchi likalalamika. Mtu mmoja tu hakucheka. Sindano alikata uzi kwa meno, akalikunja lile koti magotini.

Sindano: Yule mtu nimempima kiuno kwa miaka sita. Mnataka kujua au mnataka kucheka?

Sindano akisema maneno kumi kwa mpigo, hiyo ni habari. Tukamgeukia.

Sindano: Mwaka jana alikuja dukani na suruali ya kijana. Akaniambia, pasua huu mguu mmoja, upasue wote mpaka kiunoni, utie vifungo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mguu una plasta, haupiti. Ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, yule anayejifunza kutengeneza friji.

Shangazi: Namjua. Yule mwenye adabu.

Sindano: Huyo huyo. Alikuwa anatoka kazini saa kumi jioni, jua linawaka, na mkoba begani. Askari mmoja akamwita, "Wewe, simama!" Kijana akakimbia. Akaruka ukuta wa pale nyuma ya mtambo wa kusaga. Upande wa pili kuna mtaro. Mfupa wa mguu ukavunjika mara mbili.

Spana: Kwenye mkoba kulikuwa na nini?

Sindano: Bomba la shaba na bisibisi tatu.

Spana: Sasa alikimbia nini?

Sindano: Ndilo swali aliloulizwa na mjomba wake. Siku ile Amka alikuwa mji mwingine, anahutubia watu mia sita. Unajua kichwa cha hotuba? "Usiogope." Akapigiwa simu, akaja moja kwa moja wodini, kitambulisho cha ukumbini bado kinaning'inia kifuani. Akamuuliza, "Mwanangu, hukuiba, hukupigana. Ulikimbia nini?" Kijana akamwambia, "Mjomba, nimesikiliza hotuba zako zote. Umetufundisha kuota ndoto, kuamka alfajiri, kuandika malengo. Hujatufundisha hata mara moja askari akikuita ufanye nini."

Lori likapita, likatuachia vumbi.

Shangazi: Akamjibu nini?

Sindano: Hakumjibu. Aliniambia mwenyewe, nimeshika futi ya kupimia, nasubiri ageuke, hageuki. Anasema, "Fundi, nina miaka minane nalipwa kwa kuongea, na mtoto wa dada yangu ameniuliza kitu nikakosa hata sentensi moja."

Kamusi: Ndiyo hapo sasa. Mganga hajigangi, maji yakimwagika…

Shangazi: Kamusi, kunywa kahawa.

Wakati huo kijana mmoja alikuwa amesimama kando, shati safi, begi la safari mgongoni. Akaagiza kikombe. Spana akasogea bila hata kumtazama, kijana akaketi. Shangazi akamwambia, "Angalia usiungue, mwanangu," kisha macho yote yakarudi kwa Sindano.

Sindano: Amka akaenda kituoni. Amekasirika. Ameandaa maneno, na huyo jamaa akiandaa maneno unayajua. Inspekta akamwacha aseme mpaka mwisho. Hakumkatiza. Alipomaliza, Inspekta akaagiza aitwe yule askari. Akaingia mtoto wa watu, miaka ishirini na mitatu, mwezi wake wa nne kazini. Inspekta akamwambia, "Mweleze." Akasema, "Niliona mkoba mzito. Nikaona mkono unaingia ndani ya mkoba. Nilikuwa peke yangu." Amka akamuuliza, "Uliogopa?" Askari akamtazama mkubwa wake kwanza. Inspekta akamwambia, "Jibu. Hapa hakuna anayeandika." Akasema, "Ndiyo."

Mimi: Alisema hivyo mbele ya mkubwa wake?

Sindano: Mbele yake. Na Amka anasema hasira yote ilimwisha palepale. Miaka minane anawaambia watu wasiogope, na hajawahi kukutana na hata mmoja aliyekubali kwamba anaogopa.

Spana alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, anafuta kidole kimoja kimoja, ingawa grisi ya gereji haitoki kwa kitambaa.

Spana: Maneno mazuri hayo. Sasa na mimi niseme. Mdogo wangu alipigwa kofi pale pale, mbele ya kaunta. Alikwenda kuripoti kuibiwa betri. Kuripoti! Sikio halisikii vizuri mpaka leo. Hakuna aliyekuja nyumbani kusema pole. Je, aliyempiga naye anakaa kwenye hivyo viti?

Sindano: Sijui. Nasikia alihamishwa.

Spana: Alihamishwa. Yaani kofi limepelekwa mji mwingine.

Sindano: Sikukatalii, Spana. Nakwambia nilichoambiwa, sikwambii kwamba kinatosha.

Shangazi alimimina kahawa kwenye kikombe cha Spana, kikajaa mpaka ukingoni.

Kamusi: Endelea, fundi. Vile viti vimetoka wapi?

Sindano: Inspekta alimpa chumba cha nyuma, kile walichokuwa wanaweka baiskeli zilizookotwa. Jumamosi ya kwanza walikuja vijana kumi na mmoja na askari wanne. Watu kumi na watano, na Amka ameweka kipaza sauti! Akavaa ile suti ya kijivu. Akapiga, "Amka!" Hakuna aliyeitikia. Akaongea dakika arobaini. Vijana wakawa wanaomba ruhusa kwenda msalani, mmoja mmoja, na msala ule sijui uko nchi gani maana hakurudi hata mmoja. Askari mmoja alilala.

Tulicheka tena, safari hii taratibu.

Sindano: Jumamosi ya pili walikuja vijana wawili tu. Mpwa wake kwa magongo, na yule binti anayechomelea mageti pale kwa fundi vyuma. Amka akashika kipaza sauti. Binti akamwambia, "Kaka, ukinyamaza kidogo, tutasema." Basi. Akazima mashine, akakaa. Anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa siku ile.

Shangazi: Binti akasema nini?

Sindano: Akamgeukia yule askari wa siku ile, naye alikuwepo. Akamuuliza, "Ukituona watatu tumesimama kona, unaona nini?" Askari akafikiri. Akasema, "Naona watatu. Mimi niko mmoja." Mpwa naye akauliza, hamtazami usoni, anatazama plasta yake. "Na mimi ulinionaje?" Askari akajibu, "Niliona mkoba. Wewe sikukuona."

Mimi: Kijana akafanyaje?

Sindano: Alikuwa na ule mkoba. Akaufungua. Akatoa bisibisi ya kwanza, akaiweka sakafuni mbele ya askari. Ya pili. Ya tatu. Kipande cha bomba. Kila kimoja anakieleza kinafanya kazi gani kwenye friji. Robo saa nzima. Askari anasikiliza kama yuko darasani.

Kamusi: Wakasameheana.

Sindano: Hapana. Mpaka leo hawajapeana mikono. Lakini kila Jumamosi wanaleta viti na kuvirudisha pamoja, mmoja anavuta, mmoja anasukuma. Leo kijana ana mtihani, ndiyo maana mjomba wake ndiye anavuta.

Kumbe tuliyemwona nyuma ya mkokoteni ndiye. Nilijikuta natazama bondeni kana kwamba bado ningeweza kumwona.

Spana: Na Amka alipata nini?

Sindano: Alipoteza. Makampuni yaliacha kumwita, yakasema siku hizi anachanganya mambo. Huku mtaani mtu akamwandikia kwenye geti, kwa rangi nyekundu, KIBARAKA. Herufi kubwa kama mlango.

Spana akakohoa.

Sindano: Sikuulizi kitu, Spana. Gereji nyingi zina rangi nyekundu. Aliliacha lile neno wiki mbili. Dada yake akamwambia lifute, unatuaibisha. Akasema, "Aliyeandika ana mtoto. Siku akileta mtoto wake, asikute nimekasirika." Halafu akaniletea suti zake, zote nne. Akasema, "Zipunguze, ziwakae vijana. Wakiitwa kwenye usaili wa kazi waazime."

Spana: Ngoja, ngoja, ngoja. Suti ya kijivu?

Sindano: Ya kijivu, ya bluu, mbili nyeusi.

Spana: Mwezi uliopita kijana alinijia gereji na suti ya kijivu! Saa mbili asubuhi, viatu vinang'aa, faili kwapani. Mimi nikajua mtu wa kodi. Nikaingia chini ya gari, nikakaa huko nusu saa, namwambia fundi wangu aseme nimesafiri. Kijana anasema, "Nitamsubiri, nataka kazi ya kubadilisha matairi."

Shangazi alilazimika kuweka birika chini. Kamusi alipaliwa. Hata Sindano alitabasamu.

Shangazi: Ukampa?

Spana: Nimpe nini, nimesafiri!

Basi na mimi nikakumbuka jambo langu, nikawaeleza. Miezi miwili nyuma, mchana, watu walimshika kijana mmoja pale kwenye duka la dawa, wakasema ameiba simu ya mama mmoja. Mnajua huwa inakuwaje. Mmoja anashika kola, wa pili anatafuta jiwe, wa tatu hajui hata kosa lakini ameshakunja ngumi. Akafika askari mmoja tu, mbio, bila kofia. Nikasema leo hapa watakufa wawili. Mara wakatokea vijana sita au saba, wakapita katikati ya watu, wakasimama wamemzunguka yule askari na yule mtuhumiwa, migongo ndani, nyuso nje. Hawakumpiga mtu. Binti mmoja mwenye miwani ya kuchomelea kichwani akawa anasema, "Muacheni afande aulize. Muacheni aulize kwanza." Na askari akauliza. Simu ilikutwa juu ya kaunta ya duka, chini ya mfuko wa dawa wa yule mama mwenyewe.

Mimi: Nilikuwa hapa hapa mlangoni na sindano ya viatu mkononi. Nikajiuliza, hawa watoto wametoka wapi, na nani kawafundisha kusimama hivyo. Sikupata jibu mpaka leo.

Kamusi: Mbona hukutuambia?

Mimi: Nilidhani nimeona vibaya.

Lilikuwa limebadilika umbo, lile jambo tulilolianza kwa kucheka. Spana akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, kama wanaruhusu mtu kuleta kesi ya zamani. Sindano akasema hajui, labda amuulize Amka mwenyewe. Shangazi akasema angependa kujua yule Inspekta husema nini Jumamosi, au hukaa tu. Kamusi akataka kujua kama wastaafu wanapokelewa, na kama wanapokelewa, wanakaa upande wa vijana au upande wa polisi. Sindano akamwambia hakuna pande, viti vimepangwa duara. Kamusi akasema duara nalo lina pande, ila hujifichaficha. Nikaona kwa mara ya kwanza ametoa neno lake mwenyewe.

Yule kijana mwenye begi alikuwa ameshikilia kikombe chake muda wote huo, anasikiliza. Alikuwa amecheka tulipocheka, na lile la kofi alilisikiliza akitazama chini. Sasa akakiweka kikombe ubaoni.

"Samahani, wazee wangu. Na wewe, mama. Naomba kuuliza kitu kimoja."

"Uliza, mwanangu," Shangazi akasema. "Hapa swali ni bure."

"Jumatatu naanza kazi pale kituoni. Ndiyo nimefika leo na basi la asubuhi." Akanyoosha kidole bondeni, kisha akakirudisha upesi, kama aliyeona haya. "Nimepata chumba kule juu, kwa hiyo nitakuwa napita hapa kila siku kwa miguu, na sare. Nikiwasalimia, mtaniitikia?"

Spana alimtazama, akaona nafasi aliyomwachia kwenye benchi, akatazama barabara. Sindano alishika sindano, hakuidunga popote. Shangazi, ambaye ana jibu hata la maswali ambayo hayajaulizwa, alianza kufuta birika ambalo tayari lilikuwa safi.

Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kona hii. Nimewasalimia wachukuzi na mahakimu, walevi na watu wa dini, watu ninaowapenda na watu nisiowapenda. Nikaanza kutafuta kichwani siku moja, siku moja tu, niliyomwitikia mtu mwenye sare nikamtazama usoni. Nikatafuta mwaka huu, nikatafuta mwaka jana, nikarudi nyuma zaidi, sikuipata.

Kijana hakuharakisha. Alikaa palepale kati yetu, bega lake limegusana na bega la Spana, akitutazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri.